Duka la nafaka ambako hawaulizi "nikuandikie ngapi?"

Hili ni duka la nafaka, Morogoro mjini, upande wa Kihonda, limeshikana ukuta na mashine ya kukoboa na kusaga. Nimenunua hapo mchele, maharage, sembe na karanga kwa miezi kumi na minne. Nanunua kwa ajili ya nyumba yangu, tuko sita, na nanunua kwa ajili ya jiko la usharika, maana mimi ni mmoja wa akina mama tunaopika kwenye semina, kipaimara na chakula cha wageni. Mteja wa aina hii ya pili, yule anayebeba fedha za watu, ndiye ningependa asome mpaka mwisho.

Jina la duka silitaji. Nilimwomba mwenyewe ruhusa, akanijibu, "Andika habari za mizani, mama. Jina langu liache." Nimemheshimu. Mtu wa Morogoro akinikuta sokoni au kanisani akataka kulijua, nitampeleka kwa mguu wangu.

Nianze na hiyo mizani, kwa sababu ndiyo iliyonivuta. Iko juu ya kaunta na namba zake zimeelekezwa kwa mteja; muuzaji ndiye anayeinama kuchungulia. Ubavuni ina stika ya Wakala wa Vipimo, ya mwaka huu. Kijana anayepima huweka kwanza mfuko mtupu, anarudisha namba kwenye sifuri, ndipo anaanza kumimina. Salfeti tupu ina uzito wa gramu mia hivi. Kwako wewe unayenunua mara moja ni kitu kidogo, lakini muuzaji anayejaza mifuko hamsini kwa siku bila kuutoa uzito huo ameuza kilo tano za salfeti kwa bei ya mchele.

Nyumbani nina mizani ndogo ya keki, mwisho wake kilo tano. Zamani nilinunua kwenye duka jingine, ambako mwenyewe na mimi tulisalimiana "Bwana asifiwe" kila tulipoonana, na redio yake ilipiga kwaya kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku moja nilipika pilau kwa kipimo changu kilekile cha siku zote, sahani zikapungua mbili. Nikapima mchele uliobaki kwenye mfuko wa pili ambao sikuwa nimeufungua, wa kilo kumi, nikaugawa mara mbili: kilo nne na gramu mia saba, na tena kilo nne na gramu mia saba. Gramu mia sita hazikuwepo. Wiki iliyofuata nikanunua tena makusudi, zikapungua mia tano na hamsini. Sikumwambia neno. Nilihama tu kimyakimya, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu wapo wajane wa mtaa ule ambao hawana mizani ya keki.

Duka hili nimelipima mara nne, kwa siku tofauti, mara mbili nikimtuma mtoto badala ya kwenda mwenyewe. Mara tatu kilo ilikuwa kilo. Mara moja ilizidi kwa gramu arobaini.

Kitu kingine utakachokiona ni kwamba hana kisado. Sisi huku wengi tumezoea kununua kwa kisado na debe, na kila mama anajua jinsi kisado kinavyogongwa kitako kikaingia ndani, au muuzaji anavyopitisha mkono juu kufuta nafaka kwa haraka hata ukingo haujajaa. Hapa hata mwenye shilingi elfu moja tu anapimiwa kwenye mizani, anapewa gramu za elfu moja yake, na haharakishwi. Nimeona mtoto wa miaka saba hivi ametumwa sembe na noti ya elfu kumi iliyokunjwa mpaka imekuwa kama pipi. Mzee mwenye duka alimpimia, akachukua kipande cha karatasi, akaandika kilo, bei na chenji, akaifunga chenji ndani ya karatasi ile na kumwekea mtoto mkononi: "Mpe mama, na karatasi usiitupe." Mtoto kama yule hawezi kuhesabu, na hakuna mtu ambaye angejua zikipungua mia mbili.

Sasa bidhaa zenyewe. Mchele uko kwenye mapipa ya plastiki, na kila pipa lina kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Ifakara, mpya. Dakawa, SARO 5, msimu uliopita. Hiyo SARO 5 ni jina la mbegu. Kyela huwa halipo. Nilimuuliza siku ya kwanza, kwa sababu sokoni kila unapopita unaambiwa "Kyela huu, mama, Kyela", na jina hilo peke yake linaongeza mia nne kwenye kilo. Akasema Kyela ni mbali, mchele halisi wa kule unamfikia mara chache na mchache, na ukimfikia ataandika. Katika miezi yote hii umefika mara mbili. Mara ya pili nilinunua kilo tatu, nikapika wali mweupe bila nazi, na jirani akaja kuuliza tunapika nini.

Mimi kwa shughuli huchukua wa Dakawa, ule wa mashamba ya umwagiliaji kule Mvomero. Unanukia kiasi, punje ni ndefu, na ukishakaa msimu mmoja unavumilia sufuria kubwa ya watu mia bila kuwa bokoboko. Ule mpya wa Ifakara ni mtamu, ila unataka maji pungufu, na yeye hukwambia hivyo kabla hujalipa: "Huu mpya, mama, punguza maji, la sivyo utanilaumu." Chenga huchekecha na kuziweka kando, anaziuza kwa bei ya chini kwa wanaopika vitumbua. Kwingine chenga zinarudishwa katikati ya gunia, juu na chini zikawekwa punje nzima.

Kuhusu maharage, alijinyima mauzo yeye mwenyewe. Nilitaka kilo ishirini za maharage ya njano, akasema haya ni ya mwaka jana, yatakula mkaa, subiri siku nne mengine yanashuka. Nikasubiri. Mara nyingine alikuwa na mahindi yaliyotiwa dawa ya wadudu muda si mrefu, ameyaweka pembeni na kuandika tarehe juu ya magunia. Mteja akataka kuyachukua hivyohivyo kwa bei pungufu akasage. Mzee alikataa. Yule bwana aliondoka na hasira, tena kwa maneno makali, na mzee akaendelea kufagia.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja nililoliona mwezi Julai, kwa sababu wanunuzi wengi hatuoni upande wa nyuma wa duka. Mama mmoja alikuja na mchele wake magunia matatu, amepakia kwenye lori la watu wengine kutoka Mvomero. Alikuwa ameambiwa na madalali kwamba gunia ni gunia, na yake yalikuwa yamejazwa mpaka juu na kushonewa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria haiitaki, gunia lisizidi kilo mia moja, na bado mkulima anaendelea kufungasha hivyo kwa sababu mnunuzi asipoona kilemba anapita. Mama yule alitaja bei ya magunia matatu ya kilo mia mia. Alikuwa ameridhika, anataka alipwe awahi lori la kurudi.

Mzee akamwambia, "Mama, subiri tupime." Akapima mbele yake, gunia moja moja. Kilo 107. Kilo 104. Kilo 109. Jumla 320. Akamlipa 2,300 kwa kila kilo, zikiwemo zile ishirini ambazo mama hakuziomba na hakujua anazo. Hiyo ni 46,000. Nilimwona akizihesabu mara tatu, akidhani amezidishiwa kwa makosa, hata akataka kurudisha. Mzee akamwelekeza kwenye namba alizoziandika ukutani kwa chaki, akamfundisha kuzijumlisha. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko wangu wa karanga na nilichelewa kurudi nyumbani, lakini sikutaka kuondoka.

Tangu siku ile nimelielewa tofauti lile neno la Luka, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Nimelisikia likisomwa wakati wa sadaka maisha yangu yote. Hapa nililiona kwenye gunia la mtu ambaye angeweza kupunjwa na akashukuru.

Nikifika kwenye risiti, naandika habari zangu mwenyewe.

Kila anayenunulia taasisi katika nchi yetu, iwe shule, ofisi au kanisa, analijua swali la "nikuandikie ngapi?" Umenunua kwa laki nne, muuzaji ana kitabu cha risiti mkononi na kalamu imefunguliwa, anakuuliza kwa upole kama anayekuuliza unataka mfuko. Ukisema laki nne na nusu, anaandika laki nne na nusu. Hamsini ni yako. Inaitwa cha juu, na jina hilo linalifanya jambo lionekane jepesi. Kwenye duka langu la zamani niliulizwa swali hilo mara mbili na mara mbili nilijibu. Semina ya akina mama, 25,000. Chakula cha wageni wa dayosisi, 35,000. Niliziita nauli. Nilijiambia napika bure, naamka saa tisa usiku, mkaa mwingine natoa kwangu, mikono inababuka, hakuna anayenilipa. Yote hayo yalikuwa kweli, na zile fedha zilikuwa za sadaka.

Mwezi Novemba, wiki ya kipaimara, kamati ilinipa fedha taslimu. Nikaenda kwa mzee: mchele kilo 150 kwa 3,000, jumla 450,000, na maharage kilo 40. Yeye hakuniuliza "nikuandikie ngapi." Nilingoja aulize. Kijana alipokuwa anashona midomo ya salfeti nikamsogelea, nikasema kwa sauti ya chini, "Baba, hiyo ya mashine acha. Niandikie ya mkono, weka elfu tatu na mia mbili."

Akaweka kalamu chini. Hakunitazama kwa dharau wala hakuinua sauti, na wateja wengine hawakujua tunazungumza nini. Akasema, "Mama, mimi nimekuuzia elfu tatu. Siwezi kuandika kitu ambacho hakijatokea." Kisha akabonyeza mashine ya EFD, ile ya risiti za kielektroniki, ikatoa risiti ya 450,000, nyingine ya maharage, akazikunja pamoja na kunipa. Akauliza kama nimepata usafiri. Akaniitia guta, akamsihi kijana wa guta asinidai zaidi ya bei ya kawaida.

Mashine hizo za EFD zimekuwepo nchini tangu mwaka 2010, na TRA, Mamlaka ya Mapato, wametuimbia "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" mpaka watoto wanaijua. Mimi nilikuwa nimesimama dukani nikiomba nisipewe risiti ya kweli, tena kwa ajili ya wali wa vijana wanaokwenda madhabahuni kuahidi mbele za Mungu.

Baada ya sikukuu nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa akina mama, nyumbani kwake, nikamwambia yote na kumwekea 60,000 mezani. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi sasa mchungaji atajua, na kamati itajua, maana fedha hii si yangu nikusamehe mimi." Haikuwa siku rahisi. Nilisimamishwa kushika fedha kwa miezi mitatu, na wapo waliobadili salamu zao kwangu. Baada ya hapo kamati ikaamua manunuzi yote yafanywe na watu wawili, na risiti iwe ya mashine. Naona ni uamuzi mzuri na ulipaswa kuwepo kabla yangu.

Zakayo alisema atamrudishia mtu mara nne. Hakuna aliyenidai mara nne, lakini nimeamua hivyo, 240,000 kwa jumla, na natoa 20,000 kila mwezi kutoka kwenye biashara yangu ya keki. Nimeshafikisha 180,000. Mzee wa duka hajui habari hii. Nilitaka kumwambia mara moja, akawa na wateja wengi, nikanunua sembe nikaondoka.

Yapo ya kulalamikia katika duka hili, na msomaji anayepanga bajeti anastahili kuyajua. Bei yake iko juu ya soko kwa shilingi mia moja hadi mia mbili kwa kilo ukilinganisha na bei za kutajwa kule Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mimi nimepiga hesabu: ukinunua kilo kumi kwa 2,900 ukapewa tisa na gramu mia nne, kila kilo uliyoipata imekugharimu karibu 3,085. Kwa hiyo kwangu yeye ni nafuu. Lakini wapo wauzaji sokoni wanaopima sawasawa na bei yao ni ya chini, na mwenye nafasi ya kuwatafuta awatafute.

Hakopeshi kabisa. Sijapenda namna anavyolisema, kwa maneno mawili tu, "hapa hatukopeshi," hata kwa mama anayemjua kwa miaka. Kukataa si dhambi, ila angeweza kuongeza neno la faraja. Foleni nayo inachosha, kwa sababu mizani ni moja na kila mfuko unapimwa upya, hata ile ya kilo tano iliyopimwa jana yake. Ukiwa na haraka utaumia. Hana huduma ya kupeleka mzigo nyumbani, na vumbi la mashine ya jirani linaingia ndani, kwa hiyo ukiwa na pumu simama nje.

Na anafunga Ijumaa saa kumi jioni, hafungui mpaka Jumapili asubuhi. Ni Msabato. Kwa sisi tunaopika chakula cha Jumapili, Jumamosi ndiyo siku ya kununua, na mara mbili nimefika nikakuta kufuli. Kwa mfanyabiashara wa nafaka Jumamosi ni siku nono kuliko zote, na yeye huiachia kila wiki. Mimi ni Mlutheri na siku ya ibada hatukubaliani, na tumeshalizungumza kwa heshima tukiwa tunachambua mawe kwenye maharage. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali katika Amosi, sura ya nane, ambapo wafanyabiashara wanangoja sabato iishe ili wakauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya udanganyifu, hata takataka za ngano wakaziuza. "Walishika siku," akasema, "na bado Bwana aliwakasirikia." Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja.

Ukutani hana hata mstari mmoja wa Maandiko. Kuna bei, kuna ile chaki ya hesabu, kuna leseni na kalenda ya kampuni ya mbegu. Sisemi kuandika mistari ni vibaya, mimi mwenyewe jikoni nina Zaburi. Lakini binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyeniambia siku moja tukirudi, "Mama, yule babu ni mlokole?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Alikuita turudi kwa sababu ya mia tano." Kweli, tulikuwa tumeshavuka barabara, na mzee ametoka nje ya duka, ameinua sarafu juu, anaita.

Kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, kabla akina mama wa migahawa hawajajaa. Beba mfuko wako, atautoa uzito wake. Anapokea fedha taslimu na malipo ya simu, na gharama ya kutuma hajaongeza kwenye bei. Ukinunua zaidi ya kilo hamsini anapunguza shilingi hamsini kwa kilo bila kuombwa. Sisi mwezi Novemba bei ya 3,000 ilikuwa imeshapunguzwa. Mwambie unapika nini na kwa watu wangapi, atakushauri mchele upi na maji kiasi gani. Na kama unanunulia kanisa, shule au ofisi, taja jina la taasisi tangu mwanzo ili aliingize kwenye risiti.

Jumatatu ijayo tunakwenda kuchukua maharage kilo ishirini na mchele kilo sitini kwa ajili ya semina ya wajane. Mwenzangu atashika fedha, mimi nitabeba mizani yangu ya keki kwenye mkoba, maana yeye hajawahi kufika pale na nimemwambia asiniamini kwa maneno, apime.